Twende Dodoma kwa Gari la Umeme

Ndugu msomaji, mwezi huu tutasafiri. Tutatoka Dar es Salaam asubuhi. Tutapita Kibaha, Chalinze na Morogoro. Tutapanda mlima kwenda Gairo. Tutapita Kibaigwa, na mwisho tutafika Dodoma. Safari nzima ni kama kilomita 450. Wengi wenu mnaijua barabara hii. Mmeipita kwa basi mkienda kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Wengine mmeipita mkipeleka mahindi kwenye soko la Kibaigwa.

Leo hatutapanda basi. Tutapanda gari dogo la umeme. Gari hili halina tangi la petroli. Lina betri kubwa chini ya sakafu. Umeme wa betri ukiisha, gari linasimama. Basi swali letu ni hili: gari hili litatufikisha wapi?

Labda utauliza, "Bwana shamba ana habari gani na magari?" Nitakujibu. Siku hizi nikitembelea vikundi vya kuweka na kukopa, naulizwa juu ya magari haya. Vijana wamesikia kwamba gari la umeme halinywi petroli. Wanataka kikundi kinunue moja, lililotumika, kutoka Japani. Wanataka libebe abiria na wagonjwa. Muuzaji amewaambia kwamba likijaa chaji linakwenda kilomita 400. Fedha za kikundi ni jasho la misimu miwili ya mahindi. Zikitumika vibaya, hazirudi. Kwa hiyo, kabla fedha hazijatoka, tupige hesabu pamoja.

GARI MOJA, NAMBA TATU

Tuchukue gari ambalo lipo kweli. Linaitwa Nissan Leaf. Aina tunayoizungumzia ilianza kuuzwa Japani mwaka 2017. Betri yake ni ya uniti 40. Ndiyo, uniti zile zile unazonunua za LUKU.

Katika karatasi za Japani gari hili liliandikwa kwamba linakwenda kilomita 400. Katika karatasi za Ulaya liliandikwa kilomita 270. Katika karatasi za Marekani liliandikwa kama kilomita 240. Gari ni lile lile. Betri ni ile ile. Kwa nini namba ni tatu?

Sababu ni namna ya kupima. Jaribio lile la Japani lilikuwa la mwendo wa polepole. Wastani wake ulikuwa kama kilomita 24 kwa saa. Huo ni mwendo wa kijana mwenye haraka juu ya baiskeli. Hata gari lilipokimbia sana, halikuzidi kilomita 82 kwa saa. Wamarekani walipima kwa mwendo mkali zaidi, na wakapunguza namba ili ikaribiane na maisha ya kila siku.

Wewe mkulima unalijua jambo hili. Pakiti ya mbegu inaweza kuandikwa magunia 30 kwa ekari. Aliyeandika hakusema uongo. Magunia hayo yalipatikana katika shamba la majaribio. Mbolea ilitosha, mvua ilifika kwa wakati, na palizi ilifanywa mapema. Shambani kwako unaweza kupata magunia 12. Namba ya pakiti ni ya shamba lao. Namba ya kukulisha wewe ni ya shamba lako.

Gari la umeme ni hivyo hivyo. Namba ya karatasi ni ya barabara yao. Sisi tunataka namba ya barabara ya Dodoma.

HESABU YA KWANZA: UNITI KWA KILOMITA 100

Fikiri betri ni debe la maji. Unataka kujua litamwagilia matuta mangapi. Utauliza mambo mawili. Kwanza, debe lina maji kiasi gani? Pili, tuta moja linakunywa kiasi gani?

Debe letu lina uniti 40. Lakini gari haliruhusu zote zitumike. Zinabaki kidogo chini ili kuilinda betri. Tuseme tunaweza kutumia 36.

Sasa gari linakula kiasi gani? Kwa kukadiria, gari la namna hii likienda kilomita 80 kwa saa katika barabara ya tambarare, linakula kama uniti 14 kwa kila kilomita 100. Likienda kilomita 110 kwa saa, linakula kama uniti 19.

Gawanya. Kwa mwendo wa 80, uniti 36 zinakupeleka kama kilomita 257. Kwa mwendo wa 110, zinakupeleka kama kilomita 190. Barabara ni moja, gari ni moja, dereva ni mmoja. Mguu wake tu ndio uliokanyaga zaidi, na kilomita karibu 70 zimepotea.

KUTOKA DAR ES SALAAM HADI CHALINZE: UPEPO

Tumeondoka. Tumepita Kimara na Mbezi kwa foleni. Katika foleni gari la petroli linachoma mafuta hata likiwa limesimama. Gari letu likisimama, injini yake imetulia kabisa. Linatumia umeme kidogo tu, wa taa na wa kupoza hewa ndani. Ndiyo maana gari la petroli hula sana mjini, na gari la umeme hula sana kwenye barabara kuu. Mtu aliyezoea petroli hushangaa hapa.

Tumepita Kibaha na Mlandizi. Tumevuka mto Ruvu. Barabara imefunguka na dereva anataka kukimbia. Hapa ndipo adui mkubwa anapotokea. Adui huyo ni upepo.

Ukiendesha baiskeli polepole, hewa huisikii. Ukishuka mteremko kwa kasi, hewa inakusukuma kifuani. Hewa ina kanuni yake. Mwendo ukiwa mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Kutoka mwendo wa 80 hadi 110, nguvu ya hewa inakuwa karibu mara mbili. Betri ndiyo inayolipa deni hilo.

Kwa sababu hiyo usifunge magunia juu ya keria kama unaweza kuyaweka ndani. Mzigo wa juu unashika upepo kama tanga la ngalawa.

Madereva wengi hunung'unikia vibao vya 50 vilivyopo kila kijiji. Vibao hivyo vimewekwa kulinda watoto wetu. Lakini kwa gari la umeme vina faida ya pili. Mwendo wa 50 unahifadhi uniti.

Tumefika Chalinze. Tumekwenda zaidi ya kilomita 100. Hapa barabara inagawanyika. Moja inakwenda Tanga na kaskazini. Yetu inaendelea Morogoro.

KUTOKA CHALINZE HADI MOROGORO: UMRI WA BETRI

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 195. Rudi kwenye hesabu yetu. Aliyekwenda 80 atafika na kilomita 60 za akiba. Aliyekwenda 110 ataona milima ya Uluguru kwa macho, lakini mjini hatafika.

Hiyo ni kwa betri mpya. Kikundi chetu kinataka gari lililotumika. Betri huzeeka. Kila mwaka inashika umeme kidogo kuliko mwaka uliopita. Joto huizeesha haraka zaidi. Na Leaf haina maji ya kupoza betri yake. Inategemea hewa tu. Nchi yetu ina joto, hasa hapa katika nyanda za chini.

Tuseme betri imebaki na nguvu ya sehemu 80 kati ya 100. Debe letu sasa halina 36. Lina kama 29. Kwa mwendo wa 80, uniti 29 zinakupeleka kama kilomita 207. Utafika Morogoro ukiwa na kilomita 12 tu mkononi. Kwa mwendo wa 110 zinakupeleka kama kilomita 152. Utasimama njiani zaidi ya kilomita 40 kabla ya Morogoro.

Kama ndani yumo mama mjamzito anayepelekwa hospitali, hapo si mahali pa kusimama.

Utaijuaje hali ya betri? Katika Leaf kuna alama mbele ya dereva. Pembeni mwa kipimo cha chaji kuna vipande vidogo. Gari jipya lina vipande 12. Kipande cha kwanza kikipotea, betri imepoteza kama sehemu 15 kati ya 100. Vipande vinavyofuata hupotea kwa hatua ndogo zaidi. Basi hesabu vipande kabla ya kuhesabu fedha.

KUTOKA MOROGORO HADI GAIRO: MLIMA

Tuseme tumelala Morogoro na tumejaza betri. Asubuhi tunaendelea. Tunapita Dakawa, penye mashamba ya mpunga na mto Wami. Tunafika Dumila. Mpaka hapa njia si ngumu. Baada ya Dumila barabara inaanza kupanda. Hewa inakuwa ya baridi. Abiria anatafuta shuka. Tunakaribia Gairo.

Gairo iko juu ya Morogoro kwa takribani mita 700. Kupandisha gari mlimani ni kama kupandisha ndoo ya maji kutoka kisimani. Kisima kikiwa kirefu, mikono inachoka. Kwa gari letu, kila mita 100 za kupanda zinakula kama nusu uniti zaidi. Kwa mita 700 ni kama uniti tatu na nusu.

Sasa jumlisha. Morogoro hadi Gairo ni kama kilomita 130. Kwa tambarare ni uniti 18. Ongeza za mlima. Jumla inakaribia 22.

Mwenye betri mpya atafika Gairo na uniti 14. Mwenye betri ya uniti 29 atafika na 7. Huyu wa pili amechukua safari ile ile kwa mwendo ule ule. Umri wa betri tu ndio umempunguzia nusu ya akiba.

KUTOKA GAIRO HADI DODOMA: KUCHAJI

Kutoka Gairo hadi Dodoma ni kama kilomita 130 nyingine. Zinatakiwa uniti 18. Mwenye uniti 14 akijipa moyo na kuendelea, atapita Kibaigwa na Mbande. Chaji itamwishia karibu na Chamwino, taa za Dodoma zikiwa karibu. Mwenye uniti 7 ataishia kama kilomita 50 mbele, hapo hapo Kibaigwa, katikati ya malori ya mahindi.

Kwa hiyo wote wawili lazima wachaji njiani. Tena wasichaji kwa kubana. Akiba ya uniti 4 au 5 ni lazima, kwa ajili ya upepo wa mbele, mvua, au barabara ya kuzunguka.

Kuchaji kunachukua muda gani? Soketi ya kawaida ya nyumbani inatoa kama uniti 2 na kidogo kwa saa moja. Mwenye uniti 7 anahitaji uniti 15 zaidi ili afike Dodoma na akiba. Atakaa Gairo muda wa saa sita hadi saba. Atakunywa chai, atakula mchana, na ataanza kusinzia. Na nyaya za nyumba hiyo ziwe nzima. Nyaya nyembamba zikivuta umeme saa nyingi hupata moto, na nyumba inaweza kuungua.

Zipo pia chaja za haraka. Hizo zinajaza sehemu kubwa ya betri kwa muda wa saa moja hivi. Lakini kuna jambo la kuangalia. Leaf kutoka Japani inatumia plagi inayoitwa CHAdeMO. Chaja nyingi za kisasa zina plagi ya aina nyingine, na plagi hizo haziingiliani. Ni kama kuwa na pampu ya baiskeli isiyoingia kwenye valvu yako. Hewa ipo, lakini haikufai.

Karibu na njia yetu kuna reli mpya ya umeme. Treni yake ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Mwezi Julai mwaka huo ikafika Dodoma. Treni hiyo inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa na haina hofu ya chaji. Inapata umeme kutoka kwenye waya ulio juu yake, safari nzima. Gari letu halina waya. Linabeba chakula chake kama msafiri anayebeba masurufu begani. Msafiri huyo lazima ahesabu.

KURUDI NYUMBANI

Safari ya kurudi ina zawadi. Kutoka Gairo kwenda Morogoro tunateremka. Je, unaikumbuka dainamo ya baiskeli? Ukiigusisha kwenye tairi, taa inawaka na baiskeli inakuwa nzito. Gari la umeme lina jambo kama hilo. Dereva akiachia mguu kwenye mteremko, mota inageuka kuwa dainamo. Gari linapunguza mwendo, na umeme unarudi kwenye betri.

Umeme wote haurudi. Sehemu fulani inapotea kama joto. Lakini njia iliyokula uniti 22 kupanda inaweza kula kama 16 kuteremka. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mimi nilifika bila shida," muulize, "Ulikuwa unapanda au unateremka?"

JE, LINA FAIDA?

Msomaji asifikiri kwamba nalisema gari hili vibaya. Tulinganishe na petroli. Lita moja ya petroli ina nguvu sawa na karibu uniti 9. Gari dogo linalokunywa lita 7 kwa kilomita 100 linatumia nguvu ya uniti 63. Letu linatumia 14 hadi 19. Tofauti ni kubwa. Injini ya petroli inageuza sehemu kubwa ya mafuta kuwa joto na moshi. Mota ya umeme inapeleka sehemu kubwa ya nguvu kwenye magurudumu.

Kumbuka pia kwamba umeme mwingine hupotea wakati wa kuchaji. Ili betri ipate uniti 14, utanunua kama 16. Sasa chukua bei ya uniti kijijini kwako na uzidishe kwa 16. Kisha chukua bei ya lita ya petroli na uzidishe kwa 7. Linganisha majibu hayo mawili. Utaona mwenyewe.

Faida ni kubwa kwa gari linalokwenda safari fupi na kulala nyumbani penye umeme. Kwa mfano, kijijini hadi makao makuu ya wilaya, kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Kazi hiyo hata betri ya uniti 29 inaiweza bila wasiwasi. Gari hilo hilo ukilipa kazi ya Dar es Salaam na Dodoma kila siku, litakula muda wako njiani. Jembe la mpunga na shoka yote ni zana nzuri. Ni lazima ujue kazi ya kila moja.

KABLA FEDHA HAZIJATOKA

Wanakikundi wakae chini, na katibu aandike majibu haya:

1. Safari yetu ya kila siku ni kilomita ngapi, kwenda na kurudi?
2. Njia inapanda mita ngapi? Kwa kila mita 100, ongeza nusu uniti.
3. Betri ya gari hili imebaki na uniti ngapi leo? Usichukue namba ya gari jipya.
4. Dereva atakwenda mwendo gani?
5. Tutachaji wapi, kwa muda gani, na plagi inaingia?
6. Akiba ni uniti ngapi?

Baada ya hapo mwombeni muuzaji mjaribu gari. Jazeni betri. Nendeni njia yenu wenyewe, na watu wenu na mizigo yenu. Mkirudi, angalieni chaji iliyobaki. Namba mtakayoipata siku hiyo ndiyo ya kuandika kwenye daftari la kikundi. Muuzaji akikataa gari lisijaribiwe, fedha zirudi kwenye sanduku, na kufuli lifungwe.

Hesabu hizi zinafaa pia kwa pikipiki na bajaji za umeme. Namba zitakuwa ndogo, lakini upepo, mlima, mzigo na umri wa betri ni vile vile.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali ya wilaya ni kilomita ngapi? Kuna mlima?
2. Gari la kikundi lina uniti 20 za kutumia. Linakula uniti 16 kwa kilomita 100. Mnataka kubaki na akiba ya uniti 4. Litakwenda kilomita ngapi? (Jibu: 100.)
3. Kama hospitali iko kilomita 60, je, gari hilo litakwenda na kurudi bila kuchaji? Mtafanya nini usiku mgonjwa akizidiwa?